Navaa silaha zote za Mungu kila alfajiri, mbona bado napigwa?

Shikamoo Mama, na Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nimeolewa na ninaishi Mbagala. Nimeajiriwa kuuza duka la vitambaa vya mapazia Kariakoo, na huu ni mwaka wangu wa tatu pale. Mwanzoni mwa mwaka huu nilijiunga na kikundi cha maombi cha akina mama wa mtaani kwetu, na huko ndiko nilikofundishwa kuvaa silaha za Mungu zilizoandikwa katika Waefeso sura ya 6. Tunaamka saa kumi alfajiri, kila mmoja nyumbani kwake, tunasimama wima, na kwa kila silaha tunagusa sehemu yake ya mwili huku tukiitaja: kweli kiunoni, dirii ya haki kifuani, utayari miguuni, ngao mkononi, chapeo kichwani, na mwisho tunainua upanga. Tukimaliza tunatamka kwamba siku hiyo hakuna baya litakalotugusa. Nimekuwa nikifanya hivyo bila kukosa, hata siku ambazo nimelala saa sita usiku.

Lakini Mama, mambo yamezidi. Mwezi uliopita mtoto wangu mdogo alishikwa na homa kali, zahanati wakatuambia ni malaria, akalazwa. Wiki ileile nilichomolewa pochi yenye hela ya mchezo wakati nashuka kwenye daladala pale Rangi Tatu, na wenzangu wa mchezo hawataki kusikia habari ya kuibiwa. Nyumbani nako hatuelewani na wifi yangu, aliyekuja kutoka Singida kujifunza ushonaji. Tuligombana kuhusu luku, kwa sababu anapiga pasi kila siku na hachangii umeme, na tangu hapo hatujasalimiana.

Nilipomweleza kiongozi wa kikundi, aliniambia kwamba kuna silaha ninayoivaa vibaya na adui amepata upenyo. Alisema chapeo yangu imelegea, akanipa leso nyeupe iliyoombewa ili niifunge kichwani ninapolala, nami nikatoa sadaka ya shilingi 30,000. Alisema pia kwamba aliyefungua mlango ndani ya nyumba yangu ni wifi, kwamba huyo binti hakutoka Singida peke yake, na kwamba nisile chakula anachokipika. Mume wangu hataki kabisa kuyasikia maneno hayo.

Kazini sina la kulalamika sana, mshahara unatoka. Kero ni moja tu, nayo ni ndogo. Bosi alikata ncha ya ubao wa mita tunaopimia vitambaa, kama sentimeta 4 hivi, na ametukataza kutumia ubao mwingine. Anasema maduka yote ya mtaa ule yanafanya hivyo, na kwamba winga anayemleta mteja lazima apate chake, sasa kitatoka wapi? Mimi ni mwajiriwa, nafanya ninavyoambiwa, hilo nimemwachia yeye na Mungu wake.

Naomba unisaidie, Mama. Ni silaha ipi ninayoikosea, na nifanye nini ili siku zangu zilindwe? Je, nimwambie mume wangu amrudishe dada yake Singida?

Mama wa wawili, Mbagala

JIBU

Marahaba mwanangu, na Amina. Pole kwa mtoto, na pole kwa hela ya mchezo, maana najua aibu ya kukosa siku ya zamu ya mwenzako.

Umeniuliza ni silaha ipi unayoikosea, na jibu umeliandika mwenyewe, katika yale maneno uliyoyaita kero ndogo. Paulo anaanza orodha yake kwa kusema, "Basi simameni, hali mmejifunga kweli viunoni." Kweli ndiyo ya kwanza kutajwa, na wewe saa kumi alfajiri unagusa kiuno na kuitaja, kisha saa tatu asubuhi mkono uleule unashika ubao uliopungua sentimeta 4. Mteja anayenunua mita 10 anaondoka na upungufu wa sentimeta 40. Anaulipia, anaupeleka kwa fundi, fundi anakata na kukunja upindo, na pazia likitundikwa linaning'inia juu ya sakafu kama suruali ya mtoto aliyekua. Mwenye nyumba anamlaumu fundi, fundi anaapa kwamba hakuiba kitambaa, na watu wawili waliokuwa wakiaminiana wanaachana kwa ubaya ambao chanzo chake kiko dukani kwenu. Kwa nini tumtafute adui Singida?

Najua utasema kwamba wewe ni mwajiriwa tu, na nina huruma na hali hiyo, nitairudia. Lakini kwanza naomba usome barua yote kwa Waefeso, wala usiishie kwenye sura ya 6 peke yake. Habari za silaha zimekaa mwishoni mwa barua ambayo, kuanzia sura ya 4, inaeleza namna Mkristo anavyoishi na watu wa nyumbani na wa kazini. Humo Paulo anaandika, "Uvueni uongo, mkaseme kweli kila mtu na jirani yake," kisha anasema jua lisichwe na uchungu wetu bado haujatutoka, kisha anamwambia mwizi asiibe tena, afanye kazi kwa mikono yake apate cha kumgawia mhitaji. Katikati ya maneno hayo matatu, katika mstari wa 27, ameweka onyo fupi, "Wala msimpe Ibilisi nafasi." Huo ndio upenyo ambao kiongozi wenu anautafuta kwenye chapeo. Mtume ameutaja mahali pake waziwazi, penye uongo, penye hasira iliyolala na penye wizi, na kwa masikitiko barua yako inayo yote matatu: ubao wa mita, wifi usiyemsalimia, na sentimeta zinazotoka kwenye kitambaa cha mtu aliyekwisha kuzilipia.

Jambo lingine ambalo halisemwi vya kutosha katika mafundisho ya silaha ni kwamba vazi hili lilikuwa la Mungu mwenyewe kabla halijawa letu. Watu hudhani Paulo alimtazama tu askari wa Kirumi aliyekuwa akimlinda, na huenda alimtazama, kwa sababu Matendo 28 inaeleza kwamba alikaa Roma pamoja na askari wa kumlinda. Hata hivyo maneno yenyewe yametoka kwa nabii Isaya. Katika sura ya 59 Isaya anaieleza jamii ambayo kweli imeanguka katika njia kuu na unyofu hauwezi kuingia, na mtu anayejitenga na uovu anageuzwa kuwa mateka. Bwana anayaona hayo, anachukizwa kwamba hakuna hukumu ya haki wala mtu wa kuingilia kati, ndipo anapojivika haki kama deraya kifuani na chapeo ya wokovu kichwani. Mungu alivaa silaha hizo kwa ajili ya kuitetea kweli iliyoangushwa barabarani, na barabara hiyo ingeweza kabisa kuwa mojawapo ya zile za Kariakoo. Anayeomba kuvikwa vazi hilo anaomba kusimama upande wa mteja anayepunjwa, naye hawezi kulitumia kama kinga yake binafsi huku ubao mfupi uko mkononi.

Ndiyo maana siamini kwamba kuna mpangilio wa kugusa mwili ambao ukikosewa kidogo ulinzi unavunjika. Paulo huyuhuyu, alipowaandikia Wathesalonike katika waraka wa kwanza, sura ya 5, alisema dirii ni imani na upendo, na chapeo ni tumaini la wokovu. Kwa Waefeso dirii ni haki na imani imekuwa ngao. Kama kanuni ingekuwa katika matamshi, mtume asingeibadilisha kutoka waraka mmoja hadi mwingine. Alichokihitaji ni watu wenye kweli, haki, amani, imani, tumaini na neno la Mungu ndani yao, na vyombo vya vita vilimsaidia kuyaeleza hayo kwa watu waliokuwa wakiwaona askari kila siku.

Hili la matamshi Waefeso walilijua kuliko wengine. Katika Matendo 19 tunasoma kwamba waliotumia mambo ya uganga katika mji ule walikusanya vitabu vyao wakavichoma moto mbele ya watu wote, navyo thamani yake ilihesabiwa kuwa yapata fedha hamsini elfu. Katika sura hiyohiyo wana saba wa Skewa walijaribu kulitumia jina la Yesu kama maneno ya kufukuzia pepo, na mtu yule mwenye pepo aliwarukia, wakatoka mbio nyumbani mle wakiwa uchi na wamejeruhiwa. Unaweza kunikumbusha kwamba sura hiyo inataja pia leso zilizotoka mwilini mwa Paulo na kuwaponya wagonjwa, na ni kweli inazitaja. Luka anaziita miujiza ya kupita kawaida ambayo Mungu aliifanya, na hasemi popote kwamba Paulo aliziombea sadaka, wala kwamba aliyerudi na shida yake aliambiwa ameifunga leso vibaya. Hiyo uliyopewa, ifue uitumie kufutia mikono. Hela usiidai, italeta maneno bure, lakini usitoe nyingine.

Sasa swali lako la kichwa, kwamba mbona bado unapigwa. Aliyeandika habari za silaha alikuwa mfungwa. Mistari mitatu tu baada ya kuzitaja anajiita mjumbe katika minyororo, na haelezi minyororo hiyo kuwa ni ushahidi kwamba alivaa chapeo vibaya. Anachoomba waumini wamwombee ni ujasiri wa kusema inavyompasa, na kufunguliwa hakukutaja. Anaizungumzia "siku ya uovu" kama siku itakayokuja kweli, na faida ya silaha siku hiyo ni kwamba mtu atakuwa bado amesimama. Kwa hiyo yale matamko ya mwisho, kwamba hakuna baya litakalowagusa, hayatoki kwa Paulo. Malaria huletwa na mbu, na Mbagala mbu tunao. Hakikisha watoto wanalala ndani ya chandarua, homa ikirudi umwahishe mtoto akapimwe, na umshukuru Mungu kwamba alilazwa akapona. Kuhusu mwizi wa Rangi Tatu sina cha kueleza, isipokuwa pochi ibebwe mbele.

Hili la wifi limenisumbua kuliko yote. Mstari wa 12 unasema kushindana kwetu si juu ya damu na nyama, na kama kuna mtu mwenye damu na nyama ndani ya nyumba yenu ni binti huyo. Mafundisho yanayoanza na majeshi ya pepo wabaya na kuishia kwa kumnyooshea kidole ndugu wa mume yamekwenda kinyume na mstari yaliyoanzia. Tena ni maneno ya hatari. Binti aliyeko ugenini akishasemwa kwamba "hakuja peke yake," neno hilo litamfuata mpaka kwa majirani na mpaka huko kwao, na wewe hutakuwa na uwezo wa kulirudisha. Usimwombe mume wako amrudishe Singida kwa sababu hiyo, na chakula chake ukile.

Miguu imewekewa utayari wa Injili ya amani. Kiatu cha askari wa Kirumi kilipigiliwa misumari chini ya soli ili mguu ushike ardhi na mtu asiteleze, na nadhani kusimama imara katika amani kunahitaji kitu cha namna hiyo, kwa sababu mwenye haki yake ndiye anayeona taabu zaidi kuianza salamu. Wewe ni wifi mkubwa na mwenye nyumba. Mwamkie kwanza, hata kama kwa mila anayepaswa kuanza ni yeye. Kisha mwite mbele ya kaka yake mzungumze habari ya luku kama habari ya luku: anapiga pasi nguo za mafunzo au za watu, anaingiza chochote au hana kitu, na kama anaingiza, achangie kiasi gani kwa mwezi. Kama hana kitu, apige pasi mara moja kwa wiki. Ni mazungumzo ya nusu saa, na mume wako, ambaye hataki kusikia habari za mapepo, nina hakika atayasikia haya.

Ngao inanirudisha kwenye kikundi chenu. Ngao ya askari wa Kirumi wa wakati ule ilikuwa ndefu kupita mita moja, imetengenezwa kwa mbao nyembamba zilizogundishwa tabaka kwa tabaka na kufunikwa ngozi, na askari walipokaribiana waliziunganisha zikawa ukuta mmoja. Paulo hakumwandikia mtu mmoja aliyejifungia chumbani saa kumi alfajiri. Aliliandikia kanisa zima, akawataka waombeane watakatifu wote. Kikundi kinachostahili ngao hiyo kingekuuliza tangu mwanzo kazini kwako kukoje, kingekuchangia pengo la mchezo, na kingekuja kukaa nawe hospitali. Kama chenu kinaweza kufanya hivyo, baki nacho. Kama kila shida inajibiwa kwa kumtafuta mtu aliyefungua mlango, zungumza na mchungaji wako kabla hujaendelea. Maombi ya alfajiri usiyaache, kwa maana Paulo mwenyewe anaifunga habari ya silaha kwa kusali kila wakati. Nakushauri tu kwamba badala ya kugusa viungo, utaje mbele za Mungu wateja watakaoingia siku hiyo na jambo moja gumu utakalolazimika kuwaambia kweli. Chapeo nimeiruka kwa makusudi, imesemwa kuliko inavyohitaji.

Nimebaki na ubao wa mita. Mithali 11 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na huwezi kumwachia bosi "na Mungu wake," kwa sababu Mungu huyo ni wako pia na anayepima ni wewe. Serikali nayo ina neno lake: kutumia kipimo kilichopunguzwa ni kosa kisheria, na Wakala wa Vipimo ndio wanaohakiki vipimo vya biashara na kuvigonga muhuri. Wakaguzi wakiingia, ubao wataukuta mkononi mwa nani?

Zungumza na bosi mkiwa wawili, jioni baada ya kufunga hesabu, si mbele ya wateja wala mbele ya muuzaji mwenzako. Mweleze kwa heshima kwamba hutapima tena kwa ubao ule, na umpelekee hesabu pamoja na kukataa kwako. Kama kitambaa kinauzwa shilingi 10,000 kwa mita, sentimeta 4 ni kama shilingi 400. Winga akitaka chake, bei ipandishwe kwa kiasi hicho waziwazi, mteja apatane akijua, na mita ibaki mita. Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo ni watu wa hesabu, na huenda akaona kwamba shilingi 400 hazistahili hatari ya faini. Mwombe akubali ununue ubao uliohakikiwa. Wale waliokwisha kupunjwa huwezi kuwatafuta wote, lakini kama yupo unayemjua jina na nyumba, mpelekee kipande chake kwa hela yako.

Anaweza kukataa, na sitakuficha kwamba anaweza hata kukuambia uache kazi. Jipange kabla hujaongea naye. Mwambie mume wako, muweke akiba ya chakula na kodi kadiri mnavyoweza, na tafuta nakala ya mkataba wako au karatasi yoyote inayoonyesha malipo ya mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kwamba kukataa kufanya jambo ambalo mwajiri hana ruhusa kisheria kukuagiza hakuwezi kuwa sababu ya haki ya kukuachisha kazi, na wewe umekwisha kuvuka miezi sita ambayo sheria hiyo inaidai kabla mfanyakazi hajalalamikia kuachishwa isivyo haki. Ukiachishwa, andika tarehe na maneno aliyokuambia siku hiyohiyo, kisha peleka lalamiko lako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, kwa sababu zikipita itakubidi uombe kwanza kibali cha kusikilizwa nje ya muda.